Siku Picha Ilipotulia

"Hivi shoga, ngazi yenu mliiuza au iliibiwa?"

Aliyeuliza hivyo ni jirani, msusi wa nyumba ya pili, amesimama mlangoni na kitana bado kimechomekwa nyweleni. Bati la saluni yake lilikuwa linavuja na alitaka kupanda kuziba tundu. Mshonaji hakuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Niliipasua nikapikia maharage."

Msusi alicheka mpaka akashikilia fremu ya mlango. "Ngazi nzima! Wewe mwanamke una vituko. Na maharage yaliiva?"

"Yaliiva."

Msusi akaenda kuazima kwingine, anacheka peke yake njia nzima. Hakujua kwamba ameambiwa kweli tupu. Ngazi ile ya mbao ilipasuliwa wiki moja baada ya mazishi ya mume wa mshonaji, kipande kwa kipande, kwa shoka butu, na aliyepika kwa kuni zake hakuonja hata kijiko.

Mume huyo alikuwa dereva wa lori, mtu wa mikono mirefu na maneno mengi. Kitu kikiharibika nyumbani, alikishika mwenyewe. Mara kilipona, mara kilikufa kabisa. Ukimwambia aite fundi, alikujibu, "Fundi ana mikono mingapi? Miwili. Na mimi nimejaliwa miwili." Watoto wao wawili walikuwa wameshajitegemea mbali, kwa hiyo nyumbani walibaki watatu: dereva, mkewe mshonaji, na mama mzazi wa dereva, bibi ambaye miguu ilimkataa. Kwa kuwa hakuweza kwenda kusali na wenzake, bibi alisali na tivii. Kila Jumapili asubuhi alijifunga kanga safi, akaketi mbele ya ibada kama amefika mlangoni pa Mungu mwenyewe.

Mtaa wa nyuma lilipoinuka jengo la ghorofa nne, picha ikaanza kukatika. Tivii za zamani zilikuwa na chenga, lakini ulimwona mtu ndani ya chenga. Hii ya king'amuzi, ikikosa mawimbi, inakukatia mhubiri vigae: kichwa kulia, tai kushoto, na neno la Mungu limekwama kooni.

Nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake wa kurekebisha antena. Dereva alipanda juu ya bati na kuzungusha, mkewe alishika ngazi chini, na bibi alipiga kelele kutoka ndani, "Bado! Bado! Hapo!" Lakini Jumamosi ile bibi alikuwa amelazwa hospitali kwa ajili ya miguu yake, na mwanawe alitaka akirudi aikute picha imetulia. Mshonaji akabaki na kazi mbili: kushika ngazi mume akipanda, kuingia ndani kutazama picha, kisha kurudi kushika ngazi mume akishuka.

"Hapo!" alipiga kelele kutoka sebuleni. "Ah, umeshapita!"

"Nimepita wapi, mke wangu, na mimi nimesimama?"

"Picha inachelewa kukujibu. Zungusha kidogo, halafu tulia usubiri."

"Iambie ifanye haraka, bati linanichoma nyayo."

Akazungusha, akatulia. Picha ikafikiria, ikarudi, ikaganda, kisha ikasimama wima bila doa.

"Hapo hapo! Usiguse tena!"

Akageuka ili atoke. Wallahi aligeuka. Lakini kwenye kioo walikuwa wanaimba wanawake waliovaa magauni meupe, na picha ilikuwa safi kiasi kwamba uzi ulionekana. Mshonaji ni mshonaji. Kola za magauni yale zilikuwa zimekunjwa kwa namna ambayo yeye alikuwa amehangaika nayo miezi, na hapa ilikuwa imewekwa wazi mbele yake. Akarudi hatua moja, akainama, akahesabu mikunjo. Ilikuwa saba.

Huko nje asubuhi hiyo alikuwa amefua nguo, na saruji chini ya ngazi ilikuwa bado na maji ya sabuni. Alichosikia kwanza ni ngazi. Sauti ya pili hajawahi kumsimulia mtu.

Majirani walipofika walimkuta amepiga magoti, mkono mmoja kwenye ngazi, mkono mwingine chini ya kichwa cha mumewe. Wakasema, maskini, ameishikilia mpaka ngazi ikamshinda. Wakalisema hilo mazishini, wakamwambia na bibi alipotolewa hospitali. Mshonaji hakuitikia na hakukana. Uongo huo hakuutunga yeye. Aliuacha tu ukaingia nyumbani, ukaketi, ukazoea.

Miaka miwili picha ilikaa safi kama maji ya kisima. Bibi aliendelea na ibada yake, na mshonaji kila Jumapili alipata cha kufanya jikoni.

Kisha zikaja mvua kubwa za mfululizo, na vigae vikarudi. Msusi, ambaye hapungukiwi ushauri, akasema bonyeza pale panaposema tafuta chaneli, kitu kitajipanga chenyewe. Mshonaji akabonyeza. King'amuzi kikatafuta, kisipate mawimbi ya kutosha, kikafuta chaneli zote kilizokuwa nazo, kikaandika kwamba hakuna kitu.

"Nilisema uguse, sikusema uue!" msusi akajitetea.

Bibi hakulalamika. Jumapili iliyofuata alijifunga kanga yake safi, akaketi mbele ya kioo cheusi, akasali hivyo hivyo. Mshonaji alimwona kupitia pazia la jikoni, na moyo ukamkatika. Jumatatu akaenda kumwita fundi.

Fundi alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mtaani wakimwita Mzee Waya. Alikuja na ngazi yake ya alumini, akaifungua, akaiegemeza ukutani. Kabla hajaweka mguu, mshonaji alikuwa ameshaishika kwa mikono miwili.

"Mama, nenda ndani ukanitazamie picha."

"Sibanduki hapa."

"Ngazi hii ina viatu vya mpira. Haiendi popote."

"Na mimi siendi popote."

Mzee Waya akamtazama, akaona si wa kubishana naye. Basi ikawa bibi apige kelele kutoka ndani, kwa sauti yake nyembamba ya uzee. Kule juu fundi hakukaa sana. Alikata kipande cha waya, akakitupa chini. Ndani kilikuwa kimeoza kijani kwa maji yaliyoingia kwenye kiungio. Akafunga waya mpya, akazungushia utepe mweusi, akamwelekeza bibi atafute chaneli upya.

"Imekuja!" bibi akalia. "Yote imekuja! Mwanangu, njoo uone!"

"Siji mimi," mshonaji akajibu kwa sauti ambayo bibi hakuisikia. Alibaki ameikamata ngazi mpaka miguu yote miwili ya Mzee Waya ikakanyaga ardhi, na hata hapo fundi ilibidi amwombe aiachie.

Wakaingia ndani. Fundi akafuta mikono, akasema, "Antena yenyewe sikuigusa. Aliyeielekeza alikuwa na jicho. Imepita pembeni mwa lile ghorofa, penye upenyo mwembamba kama wa sindano. Ningeigusa ningeiharibu."

"Ni mwanangu," bibi akasema. "Ndiyo kazi yake ya mwisho."

Mzee Waya akainamisha kichwa, akatoa pole, akaondoka na ngazi yake.

Bibi akaushika mkono wa mshonaji, akauweka kifuani pake. "Yeye juu, na wewe chini umemshikilia mpaka nguvu zikaisha. Kila siku namwambia Mungu, huyu mkamwana wangu mbariki, kwa sababu hakumwacha mwanangu."

Mtu anaweza kubeba uongo miaka miwili. Kubarikiwa juu yake ndiko kulikomshinda.

"Sikuwa nimeshika ngazi, mama."

"Unasemaje?"

"Nilikuwa hapa ndani. Picha ilitulia nikamwambia hapo hapo. Nilipaswa kutoka nikashike. Sikutoka. Niliona magauni kwenye tivii, nikabaki nahesabu mikunjo ya kola. Alishuka peke yake kwenye maji ya sabuni niliyomwaga mimi."

Bibi hakuutupa mkono. Aliurudisha polepole kwenye mapaja ya mwenyewe, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Kwa hiyo mwanangu anashuka, na wewe unatazama magauni."

"Ndiyo, mama."

Bibi akachukua rimoti, akaizima ile picha iliyokuwa imetengenezwa dakika chache tu zilizopita. Hakulia. Hakumtukana. Hilo ndilo lililokuwa gumu, maana mshonaji alikuwa amejiandaa kwa matusi. Aliyangoja kama mtu anayengoja dawa chungu.

Siku nne zikapita. Chai iliwekwa, ikanywewa, kikombe kikarudishwa. Mgongo ulisuguliwa, mguu ulinyooshwa, dawa zilimezwa kwa saa zake, na bibi hakutamka neno. Msusi alipopita kusalimu, bibi alimwitikia vizuri tu, akamuuliza hata habari za saluni. Kwa hiyo sauti ilikuwepo. Mshonaji aliisikia akiwa jikoni, akajipangusa uso kwa kiwiko.

Siku ya tano alimaliza kumfunga bibi bendeji ya mguu. Akawa bado amechuchumaa sakafuni, bendeji ya zamani imekunjwa kiganjani. Bibi alikuwa anatazama dirishani. Mshonaji aliomba moyoni kwanza, kisha akafungua mdomo.

"Mama, naomba uniambie neno. Hata kama ni la kunilaani, mama, niambie."