Kilio cha Fundi wa Hewa

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa dada yangu, hapa hapa Lubumbashi, nimeketi jikoni nachambua mboga ya lengalenga. Sebuleni watoto wake walikuwa wanagombana juu ya tamthilia ya watu wanaoishi angani: sehemu ipi ni tamu kuliko zote, ipi ni mbovu.

"We unasema nini? Si ulilala!"

"Sikulala! Nilifunga macho juu ilikuwa inanichokesha!"

Nilicheka peke yangu mpaka majani yakanidondoka. Kama nawe ulikulia mtaa wetu wa Katuba miaka ile, unaujua ugomvi huo vizuri. Ila sidhani kama kwenu ulifika mahali ulipofika kwetu.

Nililelewa na bibi yangu. Kwetu bibi tunamwita Nkambo. Nyumba yake ilikuwa na paa la bati, ua mwekundu uliofagiwa kila alfajiri, na televisheni iliyofunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Kitambaa kile kilikuwa na heshima kama nguo ya altare. Hakuna aliyekigusa isipokuwa yeye, na alikiondoa Jumamosi alasiri tu, baada ya kazi. Tulikuwa tumekwisha kuteka maji bombani, kuchekecha unga, kufua sare za shule na kuzianika. Aliyekuwa hajamaliza kazi yake alitazamia dirishani, pua imebanwa kwenye nondo.

Tamthilia yenyewe ilikuja kwa Kifaransa. Ilikuwa habari ya watu walioishi kwenye mwezi mmoja wa mbali sana, wakichimba barafu. Majina yao yalitushinda ulimi, tukawapa ya kwetu. Mkubwa wao, mwanamke mkali, tulimwita Komanda. Daktari tulimwita Munganga. Na mzee mmoja aliyetunza mashine ya kutengeneza pumzi, aliyetembea na taa yake iliyobonyea, huyo alikuwa Fundi wa Hewa. Alisema kidogo. Kabla ya kulala aliipigapiga mashine yake mgongoni, kama mama anayembembeleza mtoto. Avenyu nzima, yaani barabara yetu yote, ilimpenda.

Kuanzia Jumapili mpaka Ijumaa tulihukumu. Mahakama yetu ilikuwa bombani, kwenye foleni ya madumu. Mtoto wa mwalimu, jirani yetu, alijua kusema kama baba yake, kidole juu: sehemu bora ni ile barafu ilipopasuka, kwa sababu ilikuwa na hatari na ilikuwa na akili. Yaya wangu, kaka yangu mkubwa, alisimamia ile ya gari lililoibiwa, wala hakutoa sababu; alitoa ngumi. Nkambo naye alikuwa na sheria yake. Kwake sehemu ilikuwa nzuri kama watu walisalimiana na kama walikula.

"Bantu gani bale?" alilalamika. "Kila siku bidonge, bidonge. Bukari yabo iko wapi?" Bukari ndio ugali wetu.

Kisha ikaja Jumamosi ya mashine kuharibika. Fundi wa Hewa aliingia ndani yake peke yake, akafunga mlango nyuma yake ili wengine wapate kupumua, na hakutoka tena. Ewe rafiki, tulilia na tulifurahi kwa pamoja. Hatujawahi kuona kitu kama kile. Wakamtia katika mfuko mweupe, Komanda akasema maneno mawili matatu, wakafungua tundu, wakamsukuma nje. Akaelea katika giza, muziki ukapanda, ikaisha.

Mtoto wa mwalimu alisimama akipiga makofi. "Ile njo epizodi! Hakuna ingine itaishinda!"

Nkambo alinyanyuka kwenye kiti chake, akazima televisheni, akairudishia kitambaa chake.

"Kilio yake iko wapi?" aliuliza.

Kwetu kilio ni matanga, kuketi chini na kumlilia aliyekufa.

"Bamemutupa kama maganda ya bilazi. Hakuna mwenye aliketi chini. Hakuna hata mwenye alipika chai."

"Nkambo, ni teatre tu," yaya alisema.

"Najua ni teatre. Lakini hata mu teatre, muntu habamutupake vile." Akalainisha kitambaa kwa kiganja. "Sitaifungua tena mpaka ule mzee bamulilie."

Hakuwa anatania. Nkambo alikuwa mtu wa vilio. Siku moja dereva wa lori alifia kwenye avenyu yetu, akiwa safarini kwenda Kasumbalesa, na ndugu zake walikuwa mbali, upande wa Mitwaba. Nkambo alitandika mkeka wake, akaketi na maiti ya mtu asiyemjua mpaka wenyewe walipofika. Alikuwa akituambia kwamba anayefia mbali na kwao, jirani ndiye ndugu yake. Sasa Fundi wa Hewa, kuna aliyefia mbali kuliko yeye?

Wiki ile ilikuwa ndefu kwetu. Televisheni ya mwalimu ilikuwa imeungua umeme uliporudi kwa nguvu, na ile ya baa ilijua mpira tu. Nkambo asingefungua, tusingejua kama watu wa barafu walipona. Bombani hukumu iligeuka matusi. Mtoto wa mwalimu alisema kumlilia mwigizaji ni ujinga.

"Ule muntu iko anakunywa bière saa hii, na nyinyi munataka kumulilia!"

Yaya alimmwagia maji. Kisha akaenda kumbembeleza Nkambo: pengine kilio kitafanywa katika sehemu inayofuata, je, si afadhali tungoje tuone?

"Kilio haingojake epizodi," alijibu, na akaendelea kupepeta maharagwe.

Aliyetuokoa ni mama jirani, muuza samaki wakavu wa Pweto. Ukoo wake na ukoo wa Nkambo walikuwa banungwe, yaani watani: watu wa kutukanana bila hasira na kuzikana bila malipo. Jumamosi asubuhi alipiga hodi, mkeka kwapani, furushi la samaki kichwani.

"Munungwe wangu, nasikia uko na maiti. Juu ya nini haukuniita? Ule mzee, nani atamutukana?"

Nkambo alimpokea furushi. Kisha akatuagiza tuwashe makala, ule mkaa wa kupikia.

Mikeka ilitandikwa uani. Akina mama waliopita walisikia wimbo, wakauliza nani amefariki. "Fundi wa Hewa." "Ee! Ule mzee wa taa?" Na wakaketi, kwa maana nao walikuwa wakimtazama kila Jumamosi kutoka dirishani. Hata mwalimu alikuja, akavua kofia, akakaa kwenye benchi la wanaume, na mwanawe ikabidi abebe viti kama watoto wengine. Watu waliimba polepole. Wengine, nadhani, waliwalilia wafu wao wenyewe kwa nafasi ile.

Ndipo muuza samaki akainuka. Alijivika sufuria kichwani, akatembea uani kwa hatua za kuelea, akafika kwenye mbabula, lile jiko letu la makala, akalipigapiga mgongoni.

"Ule mzee alikuwa mubaya!" alipaza sauti. "Alitengeneza hewa ya bantu bote, lakini shati yake hakuifulaka! Miaka yote shati moja! Acha aende, tupumuwe!"

Ua mzima ulipasuka kwa kicheko. Nkambo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, na sikuweza kujua yapi yalikuwa ya kicheko. Tulikula bukari na samaki. Nyuma ya mpapai nilimkuta mtoto wa mwalimu akinawa uso. Aliniambia ni moshi.

Alasiri Nkambo alikiondoa kitambaa. Tulibanana mbele ya kioo, na wageni wa kilio nyuma yetu.

Rafiki, sehemu ile ilikuwa mbovu. Mbovu kabisa! Munganga alilala, akaota, na tulichoonyeshwa ni ndoto yake mwanzo hadi mwisho, chumba kimoja, kuta zinatikisika kama maboksi. Barafu hakuna, gari hakuna. Yaya aliguna. Katikati ya ndoto mlango ukafunguka, akaingia Fundi wa Hewa, bila taa, na shati jeupe safi. Akaketi mezani. Mtu akamwekea bakuli, akala.

"Eh!" alisema muuza samaki nyuma yetu. "Na shati amefula."

Nkambo hakucheka. Aliegemea kiti chake, mabega yakashuka.

"Amefika," alisema. Halafu akaomba munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, akanywa kikombe kizima bila kupumzika.

Mtoto wa mwalimu, ambaye leo naye ni mwalimu, hajakubali mpaka sasa. Anasema ile ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, na kwa sheria za hadithi ana haki. Mimi naiweka ya kwanza.

Nkambo alipofariki, muuza samaki alikuja akishikwa mkono, miguu haina nguvu tena. Alisimama mlangoni, akapaza sauti: "Huyu njo alitufungiaka televizyo!" Tukacheka katikati ya kulia, wote, hata waliokuja kutoka mbali wasiojua maana yake. Siku ile haikuwa nyepesi, lakini ilibebeka.

Ua ule sasa una ukuta, na kila nyumba ina kioo chake, na wengi hutazama na waya masikioni. Sina kinyongo. Picha ni safi, na watoto wa dada yangu wanagombana vizuri tu. Nilipomaliza lengalenga nilikwenda kuketi nao. Katika hadithi yao kijana mmoja alianguka, akafa mikononi mwa dada yake. Nilikuwa bado natafuta neno la pole la kumwambia yule binti wa kwenye kioo, na sehemu inayofuata ikaanza yenyewe.