Siku Mama Dawa Alipompakia Dereva wa Basi

Mtaani walimwita Mama Dawa, na hakuwa na ugomvi na jina hilo. Alikuwa mfamasia. Duka lake lilikuwa kwenye kona, kati ya kinyozi na mchonga funguo, na kaunta yake ya kioo iling'aa hata siku za vumbi. Hutoki pale na dawa ya kichwa kabla hajasoma boksi mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Wenye haraka walinung'unika, yeye hana habari. Mteja akimwambia, mama, nipe tu, naijua hiyo dawa, alijibiwa kwamba na yeye anaijua, ndiyo maana anaisoma.

Kwa hiyo alipoanza kwenda kwenye klabu ya ndege kila Jumamosi, watu walidhani anapeleka dawa. Ilipojulikana kwamba anajifunza kurusha, maneno yakawa mengi. Mama mzima, ana binti aliyeolewa, ana presha yake mwenyewe, leo anataka kwenda hewani kutafuta nini? Aliyasikia yote, akatia pamba masikioni. Leseni akaipata. Tangu hapo akawa anaruka juu ya mji na kurudi, anaruka na kurudi, kama mtu aliyenunua viatu vipya akavivaa sebuleni tu.

Alichokitaka hasa ni safari. Atoke hapa, avuke vilima vya kwanza na vya pili, atue kwenye mji anakoishi binti yake. Na hakutaka kwenda peke yake. Alitaka mumewe akae kiti cha pembeni.

Sasa huyo mume ndiye alikuwa kazi. Alikuwa dereva wa basi la masafa marefu, mwili mkubwa, maneno ya kuhesabika, na madereva wenzake walimwita Breki kwa jinsi alivyozikanyaga mapema kuliko mtu yeyote barabarani. Hakuwahi kukaa kiti cha abiria kwa hiari yake. Hata teksi ilimtoa jasho. Mkewe alimwomba miaka nenda miaka rudi, naye hakukosa udhuru: leo mgongo, kesho zamu, keshokutwa mawingu. Kisha binti yao akajifungua mtoto wa kwanza, na siku moja mezani Breki akaweka kijiko chini akasema haya, tutakwenda na hiyo ndege yako. Mama Dawa hakushangilia, alichelea asije akabadili nia. Lakini moyoni alijua kwamba amepewa nafasi moja tu. Likitokea la kumtisha mtu huyu, hatapanda tena ndege yake mpaka wanazikana.

Klabu ilikuwa na ndege mbili. Ile kubwa ya viti vinne waliiita Bata. Ndogo, ya viti viwili na rangi iliyopauka, waliiita Kuku, na ndiyo aliyoizoea Mama Dawa. Kuku hajazwi mafuta pomoni wakipanda watu wazima wawili na furushi la nguo za mjukuu; ukimjaza hanyanyuki. Unatia kiasi, kisha unapima kwa fimbo, kijiti chenye alama ambacho unakichovya kwenye tangi ndani ya bawa na kusoma kilipolowa. Kila ndege na fimbo yake, maana tangi la Bata ni pana na la Kuku ni jembamba. Mishale ya mafuta iliyo mbele ya rubani hakuna aliyeiamini. Ya Kuku ilikuwa na sifa ya uongo tangu zamani, klabu nzima iliitania. Na sheria ilikuwa kwamba anayeruka anaifuata fimbo yake mwenyewe.

Asubuhi ya safari Mama Dawa alikuwa juu ya ngazi fupi, anafungua kifuniko cha tangi, Breki alipomsogelea akamuuliza amsaidie nini. Mama Dawa karibu ateleze. Mwanamume huyu ambaye miaka yote alikuwa anaitazama ndege kama mtu anayemtazama mbwa wa jirani, leo anauliza amsaidie nini. Akamtuma stoo, akamletee fimbo iliyotundikwa ukutani.

Zilikuwa mbili. Moja ilikuwa imejaa mafuta na vumbi, nyingine safi. Breki ni mtu wa usafi, akachukua safi. Mkewe aliipokea huku anamwangalia yeye usoni, siyo fimbo. Akachovya, akasoma alama, akaridhika, akaitupa nyuma ya viti. Mwanamke asiyetoa hata dawa ya kikohozi bila kusoma boksi mara mbili! Mapenzi nayo yana mambo yake.

Walipokwisha kufunga mikanda alimpa maelekezo. Asiguse usukani wa upande wake. Miguu aikunje, kwa sababu na upande wake una pedali, na pedali zile zikikanyagwa zinageuza ndege. Breki aliitikia yote, kisha akatoa la kwake: kwenye basi lake abiria haongei na dereva, kwa hiyo leo na yeye ameshona mdomo. Akacheka kidogo. Kuku akakimbia, akaruka.

Mwanzo ulikuwa mtamu kuliko alivyouwaza. Nyumba zikawa ndogo, barabara ikajinyoosha, na Breki akakiinamia kioo akiitazama ile njia aliyoiendesha maisha yake yote. Akaonyesha kwa kidole daraja, kisha kona fulani mbaya. Alikuwa anatabasamu. Mama Dawa aliona macho yanamlowa akasingizia jua.

Walipovuka vilima vya kwanza aliitupia jicho mishale ya mafuta. Yote miwili ilikuwa imelala chini. Akajisemea, mishale ya Kuku hiyo, tunaijua. Fimbo imesema mafuta tele. Akaendelea. Baada ya kitambo akatazama tena, na safari hii hakuitazama kwa utani. Mshale mwongo hucheza, unapanda na kushuka. Hii ilikuwa inashuka tu, pamoja, polepole, bila kurudi nyuma. Aliugonga mmoja kwa ukucha. Haukutikisika.

Akamgusa mumewe, akamwashiria ampe ile fimbo ya nyuma. Breki akapapasa, akampa. Kwenye mpini kulikuwa na mzunguko wa rangi ya njano, na njano ilikuwa Bata. Alama aliyoisoma ilikuwa ya tangi pana. Kwenye tangi la Kuku maana yake ilikuwa nusu, au hata chini ya nusu. Akairudisha fimbo nyuma taratibu, kama mtu anayeficha kitu kwa mgeni.

Mbele, ng'ambo ya vilima vya pili, binti yake alikuwa anamsubiri na mtoto mgongoni. Kulia, chini, palikuwa na shamba kubwa lenye kiwanja cha ndege ya kunyunyizia dawa, ambacho alikiwekea alama kwenye ramani kwa kutimiza wajibu tu. Nafsi ikaanza kumdanganya. Pengine yatatosha. Vilima si mbali. Ukishuka hapa utamwambia nini huyu mtu? Miaka yote ya kumbembeleza, leo umemweka hewani bila mafuta. Aliisikiliza sauti ile kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, na hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote. Kisha akapiga moyo konde, akageuza pua ya ndege kulia, akatangaza kwenye redio kwamba anashuka shambani.

Mumewe hakusikia, kelele zilikuwa nyingi na kifaa chake cha masikioni kilikuwa kimemteleza shingoni. Akamweleza kwa sauti ya juu, huku anatabasamu kwa shida: "Tutashuka hapo kidogo. Ninyooshe mgongo."

Breki akaitikia kwa kichwa. Hakumtazama.

Kiwanja kilianza kuonekana, ukanda wa udongo mwekundu katikati ya mashamba, na upande wa kuingilia palikuwa na mabomba ya kumwagilia maji yaliyopangwa chini. Ilibidi apite juu yake ndipo aguse ardhi. Hapo ndipo injini ilipokohoa. Ikakohoa tena, ikashika, mioyo miwili ikashika nayo, kisha ikazima kabisa. Rafadha, lile panga la puani linalozunguka, ikasimama wima mbele yao, na ndani ya ndege kukawa na kimya ambacho Mama Dawa hakuwahi kukisikia hewani.

"Mafuta yameisha," akasema. Sasa sauti ilikuwa yake, ile ya dukani. "Nashusha bila injini. Usikanyage kitu chochote."

Breki alikunja magoti mpaka kifuani, akayakumbatia kwa mikono miwili. Mtu aliyekanyaga breki maisha yake yote alikuwa anaifunga miguu yake mwenyewe isije ikafanya ilichozoea. Mama Dawa alimwona kwa pembe ya jicho, na roho ikamuuma. Kisha hakuona kitu zaidi ya ule udongo mwekundu. Alishusha pua ili mwendo usife, ingawa kila mfupa wake ulitaka kuiinua. Mabomba yakaja, yakaja, yakawa makubwa, akaweza kuona kutu. Yakapita chini ya magurudumu. Kuku akagonga ardhi kwa nguvu, akaruka, akagonga tena, akakimbia akiyumba, na mwisho akasimama karibu na mtaro.

Hakuna aliyefungua mlango. Mikono ya Mama Dawa ilikuwa bado kwenye usukani.

"Fimbo ilikuwa ya Bata," akasema. "Ilikuwa juu yangu kuisoma. Sikuisoma."

Breki akashusha miguu, mmoja baada ya mwingine. "Mshale niliuona," akasema. "Tangu vilima vya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Abiria haongei na dereva." "Na wewe, mbona hukusema?"

Alimdanganya habari ya mgongo, kumbe mwenzake alikuwa anaujua ukweli kabla yake. Aliomba radhi. Breki akasema ameisikia, akashuka, akaenda kusimama kivulini mwa bawa.

Mlinzi wa shamba aliwajia na baiskeli, akawapa maji, akauliza maswali mengi yasiyojibika. Simu ikapigwa. Mkwe wao akatoka mjini kwake na gari lake la mizigo akiwa na madumu ya mafuta ya ndege, na alipofika alikuwa na adabu ya kutouliza chochote zaidi ya shikamooni na poleni. Mama Dawa alipima mafuta kwa kumimina dumu moja moja mwenyewe. Akaikagua ndege kutoka pua hadi mkia. Akazunguka tena, akakagua upya.

Kisha akamgeukia mumewe. Hakumwambia panda. Alisimama tu, mkono kwenye mlango wa kiti cha pembeni, ukiwa wazi.

Breki aliutazama mlango ule kwa muda. "Mimi nitakwenda na gari," akasema. "Mtoto yule lazima amwone angalau mmoja wetu."

Alisema bila hasira, na ndiyo maana liliingia ndani zaidi. Mama Dawa aliufunga mlango, akasema sawa. Aliruka peke yake. Alipofika juu, akalia kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na wa kumsikia. Miaka yote ile, na nafasi aliyopewa ilikuwa ndiyo hiyo imekwisha.

Chini, gari la mkwe lilikuwa limeshika barabara. Lilionekana dogo na la polepole, na hakuwa na moyo wa kuliacha. Akawa anakwenda mbele kidogo, anageuza, anarudi kulitafuta, kisha anakwenda tena. Mara mbili tatu aliliona limesimama pembeni, akawaza labda ni pancha, labda mume wake anatapika, maskini. Vilima vya pili vilipokaribia ikabidi aliache.

Alitua bila tatizo. Binti yake alimkimbilia akamkumbatia, mtoto kati yao, na Mama Dawa akamweleza yote palepale bila kupunguza kitu, kisha wakakaa kwenye benchi la uwanjani kusubiri gari. Wakasubiri sana. Binti akaanza kuingiwa na wasiwasi, akasema njia ile si ya kuchukua muda wote huo. Gari lilipotokea hatimaye, binti alimfuata mumewe dirishani kabla halijasimama vizuri, akamuuliza walikuwa wapi.

"Ni baba," mkwe akasema, akishusha sauti. "Kila ndege ikigeuka ananiambia nisimamishe. Anashuka, anaitazama mpaka ipotee, ndipo anapanda. Ikirudi, anashuka tena."

Breki alikuwa ameshateremka upande wa pili, anajikanda nyuma ya shingo kwa kiganja. Mama Dawa alisimama mbele yake.

"Shingo inaniuma," Breki akasema, akanyoosha mikono apewe mjukuu.