Koti Jeupe Mbele ya Ng'ombe

Nakumbuka asubuhi yangu ya kwanza kazini, mwanangu, cheti cha mifugo kikiwa hakijakaa nyumbani hata miezi miwili. Nilipangiwa kijiji kimoja nje ya Masumbwe. Mama yangu alikuwa mkulima wa pamba, na kwa fedha ya pamba hiyo alinishonesha koti jeupe kwa fundi wa mtaa wa Kambarage, jina langu, Minza, limedariziwa kifuani. Nikalipiga pasi, nikalivaa. Nilijiona, sikufichi.

Kazi ilikuwa kuchanja ng'ombe, maana homa ya mapafu ilikuwa imeshaingia kijiji jirani. Dawa yenyewe haitaki joto, nilikuja nayo kwenye kasha lenye barafu. Barafu ikiisha, dawa imeharibika, na nyingine ya karibu haikuwapo. Wenye mifugo walikuwa pale tangu alfajiri. Kwa Msukuma ng'ombe ndiye mahari ya kijana na ada ya mtoto. Zizi likifa, mji umekufa. Hayo niliyajua vizuri kuliko kitabu chochote, kwa babu yangu nimechunga.

Nikasimama kwenye mdomo wa kibanio, ile njia nyembamba ya magogo wanayopitishwa ng'ombe mmoja mmoja. Mzee Masanja, mwenye kundi la kwanza, akaniambia, "Mwangaluka." Ndiyo, mzee akamwanza kijana salamu. Nami nikamjibu kwa kutikisa kichwa, eti nasoma maelekezo ya dawa. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Ng'ombe wa kwanza alifika, akaniona, akageuka. Wa pili vilevile. Nikafoka wapigwe fimbo. Walipopigwa, dume moja likavunja gogo, kundi zima likatawanyika kwenye mihogo ya watu. Mpaka wakusanywe tena, jua lilishapanda. Nikafungua kasha, nusu ya barafu ilikuwa maji.

Mzee Masanja akanisogelea taratibu, lubega lake, lile shuka la wachungaji, begani.

"Binti, hawa hawaogopi sindano, hawajaiona bado. Wanaogopa hicho cheupe kinachopepea mlangoni. Kivue."

"Ndiyo sare ya kazi, mzee."

"Sasa tumekuja kuchanja, au tumekuja kupiga picha?"

Watu wakacheka. Machozi yakanilenga, maana koti lile lilikuwa jasho la mama yangu na mimi nililiona kama ndiyo elimu yangu yenyewe. Nikalitazama kasha mara nyingine. Kisha nikalivua, nikalikunja vizuri, nikapiga goti pale pale vumbini.

"Shikamoo, baba. Nimekosea. Nisaidie."

Akaitikia marahaba ndefu, iliyofika hadi kwa waliokuwa nyuma. Akanivisha lubega lake, linanuka moshi na zizi, akanihamishia ubavuni mwa kibanio, akamtanguliza jike wake mzee huku akipiga mluzi. Yule jike akaninusa, akapita. Wengine wakamfuata mama yao. Nikachanja, nikavuta kamba, nikakanyagwa, nikachanja tena. Alipotoka ng'ombe wa mwisho, barafu iliyobaki ilikuwa ya kujaza kiganja. Kijiji kile hakikupoteza hata ndama, na hilo nalisema kifua mbele, hata nikiambiwa najisifu.

Jumamosi nikaenda nyumbani. Mama akalifungua koti, akalikuta jeupe vilevile.

"Minza, hawakukupa kazi?"

Nikampa viganja. Akayapapasa malengelenge ya kamba, moja baada ya jingine, akatoka nje kumwita jirani: "Mama Kabula, njoo uone mikono ya mwanangu." Siku hiyo nilipitishwa nyumba tatu, mikono imenyooshwa mbele kama mtu anayeomba karanga.

Sasa ni zamu yako. Unakwenda kuripoti Geita, viatu vipya, kitambulisho shingoni, na mimi nafurahi kuliko unavyodhani. Cheti chako ni cha kweli, usikionee haya. Lakini ukifika, salimia kwanza, kuanzia mlinzi wa getini. Waulize waliokutangulia kazi hii hapa huendaje. Kuuliza si ujinga, hata kwa mwenye digrii. Na ukikosea, sema nimekosea mapema, barafu ingalipo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Atapona vipi, mwanangu, kama mgeni amekuja kuonyesha koti? Koti utalivaa tu. Mimi langu nililivaa siku ya kustaafu, na Mzee Masanja, mkongojo mkononi, ndiye aliyenifunga vifungo.

Mungu akutangulie njiani, akupe wakubwa wenye subira na wenzako wenye mzaha mwema. Jasho lako likulishe, lisikudhalilishe. Na siku utakayorudi kunisalimu, usianze kunionyesha kitambulisho. Nipe viganja nivione.