Dada yangu alikubali kupigwa picha. Hakukubali kuwekwa kwenye website

Wakuu, hamjambo nyote. Na wale wa salamu za dini, asalaam aleikum.

Mimi humu huwa ni wa kusoma na kupita. Lakini wiki hii nimeona uzi umejaa kurasa kwa kurasa, watu wanabishana kama picha yako ikishafika mtandaoni bado ni yako au ni ya kila mtu. Mmoja akaandika: "Kama hukutaka ionekane, ungekataa kupigwa."

Nikaisoma ile sentensi, nikaweka simu chini. Nilichoka, jamani.

Basi nitawaeleza yaliyotukuta nyumbani. Siongezi wala sipunguzi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu wenyewe wako hai na wameshajulikana vya kutosha.

Kwetu ni Msambweni, Pwani ya Kenya. Miaka ile ya mwisho ya tisini nilikuwa nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya Diani. Mdogo wangu, nimwite Mishi, alikuwa akichora piko na hina pale pale hotelini, karibu na bwawa la kuogelea. Ana mkeka wake, ana mito, na wageni wamekaa wakingoja zamu, mikono wameinyoosha.

Alikuwa na mkono mwepesi, yule. Maua yake hayakuwa ya kunakili. Anakutazama kwanza, kisha anaanza.

Mmoja wa wageni wake nitamwita Anke. Mjerumani, mama mtu mzima, alikuwa akikodi nyumba Galu, jirani na Diani, kila mwaka. Naomba nilitangulize hili: hakuwa mtu mbaya. Alikula kwetu kwa mkono, alimwamkia mama yangu shikamoo, na viatu alivua mlangoni bila kuambiwa. Kama mnatafuta mtu wa kumrushia mawe kwenye kisa hiki, huyu atawasumbua.

Mishi alipoolewa na Bakari, fundi wa mafriji na AC kwenye hoteli ya huko Galu, Anke akaalikwa kwenye kupamba.

Kwa wenzangu wa bara: kupamba ni shughuli ya wanawake peke yao. Bibi harusi anakalishwa juu, amesingwa mwili kwa manukato, amechorwa, nywele zake wazi na kikuba cha asumini kichwani, na wanawake wanakuja kumtazama. Mabuibui yanatundikwa ukutani. Mwanamume hachungulii, hata awe ndugu wa tumbo moja.

Anke aliomba kupiga picha. Aliomba kwa adabu. Akamwambia shangazi yetu, shangazi akamwinamia Mishi sikioni, Mishi akaitikia kwa kichwa.

Shangazi akasema, "Mwacheni apige. Zitakwenda kwao Ulaya, nani wa huku atakayeziona?"

Tukacheka sote.

Msitucheke nyinyi. Kamera ilikuwa ya filamu. Picha kwetu ilikuwa ni kitu cha kuweka kwenye albamu, mgeni akija unamtolea pamoja na chai.

Harusi ikapita. Bakari na Mishi wakakaa kwa mama yake Bakari, hapo hapo Msambweni. Mishi akaendelea na piko yake, Bakari hakuwa na neno.

Wakati huo hoteli yetu ikawekewa internet. Kompyuta moja tu, ofisi ya nyuma, na ukitaka kuingia mtandaoni simu ya ofisi haipatikani mpaka umalize. Aliyekuwa akiishika ni Mutua, kijana wa Ukambani, karani wa reservations. Kazi yake ilikuwa kutafuta website za kampuni za watalii, aone hoteli yetu inasemwaje.

Siku moja mchana akanijia pale kaunta.

"Sista, kuja ucheki kitu. Si huyu ni sister yako?"

Nikamfuata. Enzi zile picha ilikuwa haifunguki mara moja. Inateremka kutoka juu, kidogo kidogo, kama pazia linalovutwa na mtu mvivu.

Kwanza nikaona asumini. Nikajua ni kikuba cha kwetu, maana shangazi ana namna yake ya kukifunga. Halafu nywele. Halafu paji la uso. Nilikuwa nimeshika kiti cha Mutua, naomba ile simu ikatike.

Haikukatika. Akateremka mdogo wangu mzima: macho, shingo, mabega, mikono yote na piko yake hadi juu ya kiwiko.

Mutua akaniangalia. "Mbona umenuna? Si ni picha poa tu?"

Nikamwambia, "Mutua, hii haikupigwa ionwe na wewe."

Namshukuru mpaka leo, alielewa. Akaifunga pale pale. Lakini ofisi ile ilikuwa ya watu wengi, na printa ilikuwepo. Nani aliirudia akaichapa, sikujua, na nimeshaacha kutafuta. Nilichojua ni kwamba kabla ya wiki kwisha karatasi ya picha ya Mishi ilikuwa inapita mkono kwa mkono kwenye vyumba vya wafanyakazi. Ikafika Galu. Ikafika kwa Bakari.

Na hapo niwaambie jambo nililolificha hapo juu, kwa sababu linaniuma kuliandika. Ile website haikuwa ya Anke.

Anke alikuwa na ukurasa wake wa safari zake, ndiyo, na ndiko alikoiweka kwanza. Kampuni moja ya watalii ya huko huko Ujerumani ikaiona, ikaichukua. Chini yake wakaandika maneno ya kuwaita wageni, kwa Kijerumani. Mutua alinitafsiria kwa shida, anaona haya: "Wasichana wa Pwani wanakungoja."

Nyinyi mnaoijua Diani ya miaka ile, mnajua neno hilo linasomwaje.

Mke wa mtu. Siku ya kupambwa kwake.

Mama mkwe wake, Bi Mejumaa, aliita watu. Tukakaa ukumbini kwake, sisi upande mmoja na wao upande mmoja. Mishi alikuwa pembeni, amejitanda hata macho huyaoni vizuri.

Bi Mejumaa akasema, "Sikumwozesha mwanangu mke wa kutangazwa kama chumba cha hoteli. Bakari, mwanangu, jua la kufanya."

Mama yangu akajibu kwa upole, "Dada yangu, huyu mtoto hakuenda mahali. Alikuwa kwake, amekalishwa na wakubwa zake."

"Na aliyempiga picha alitoka wapi? Si mgeni wenu?"

Bakari hakuwatazama wote hao. Akamgeukia Mishi. "Wewe ulijua zitawekwa huko?"

"Wallahi sikujua. Hata huko kwenyewe sikujui."

"Basi," Bakari akasema. "Mimi nimeoa aliye hapa ukumbini. Yule wa kwenye karatasi simjui."

Akainuka akaenda kuswali alasiri. Wengi walisema amelogwa. Mimi nilisema moyoni, mdogo wangu kapata mume.

Lakini wakuu, mume kukuamini hakuiondoi picha.

Nilimwandikia Anke kwa email ya hoteli, kwa Kiingereza changu. Jibu lilikuja upesi, refu, la mtu aliyeshtuka kwa dhati. Akasema ameitoa siku ile ile kwenye ukurasa wake. Akaomba radhi. Na katikati akaandika, bila ubaya wowote: lakini niliuliza, na mlisema ndiyo.

Hapo ndipo nilipokwama. Ni kweli tulisema ndiyo. Ndiyo yetu ilikuwa ya kamera moja, mkononi mwa mwanamke mmoja, ndani ya chumba cha wanawake. Yeye aliisikia kama ndiyo ya dunia nzima. Hakuna aliyesema uongo.

Ile kampuni nayo tukaiandikia, mimi kivyangu na Anke kivyake. Wakatujibu kwa mstari mmoja kwamba picha waliikuta wazi kwenye internet. Basi. Kama mtu aliyeokota embe barabarani.

Nikaenda Kwale, kwenye ofisi moja ya serikali, nikitaka kushtaki. Afisa alikuwa mtu wa heshima, akanipa kiti.

"Kosa limetendeka wapi?"

"Kwenye internet, bwana."

"Sawa. Hiyo internet iko wapi? Iko ndani ya wilaya hii?"

"Haiko mahali. Iko kila mahali."

Akaweka kalamu chini. "Dada yangu, nitamtuma askari wangu aende wapi?"

Sikumkasirikia. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui amtume wapi.

Yaliyofuata hayana mshindo. Kule kazini kwake Bakari, wenzake wakawa wanamtania, kila siku neno moja. "Wasichana wa Pwani hawajambo?" Akavumilia, akavumilia, mwisho akaacha kazi. Wakahamia Jego, kijijini kwa wajomba zake, wakalima, na akawa anatengeneza mafriji ya wenye samaki. Wameishi salama, sitasema hawakuishi.

Mishi hakuchora tena mgeni. Hata sisi nduguze hakutuchora. Ukimwomba anasema mkono umekuwa mzito. Mtu akitoa kamera, yeye ananyanyuka kwenda kuangalia jikoni. Picha zake zote mwenyewe alizichoma, zile nzuri alizotuma Anke kwa posta, pamoja na zile ambazo hazikumkosea kitu.

Anke alirudi mara moja, akaenda mpaka Jego kumwomba msamaha. Mishi alimsamehe, akampikia. Lakini uhusiano ulikuwa umeshakufa, wote wawili walikuwa wanakula wakitazama sahani.

Na ile picha? Kampuni ilikuja kuitoa baada ya muda, nadhani walichoka nayo tu. Nikaja kuiona tena kwingine, imekatwa, kwenye tangazo la vipodozi. Baadaye kwingine tena. Nikaacha kutafuta. Unafika mahali unaona kutafuta kwenyewe ni kujichoma.

Sasa leo mnabishana humu mambo ya AI kuchukua sura za watu, app zinazotaka kuingia kwenye gallery yako, wazazi kupost watoto. Mnasema haya ni mapya. Ni mapya kwa kasi tu. Sasa kuna sheria, kuna mahali pa kushtaki, na nafurahi, yule afisa wa Kwale leo angekuwa na la kuniambia. Ila sheria inakuja nyuma ya picha, na picha haimngoji mtu.

Mwaka jana Mishi alimwoza bintiye. Kupamba kulikuwa Jego. Mlangoni paliwekwa kikapu, kila anayeingia anaacha simu, na aliyekaa na kikapu alikuwa Mishi mwenyewe. Mama wa bibi harusi! Nikamfuata, "Ingia basi ukamwone mwanao, mimi nitakaa hapa."

Akasema, "Mimi nitamwona kesho na kesho kutwa. Wewe nenda kamtazame."

Asubuhi yake nikaona kwenye status ya msichana mmoja wa upande wa bwana harusi: kipande cha video, bibi harusi yuko kitini. Sijui simu aliipitishia wapi. Nikampigia. Msichana hakubisha, alilia, akafuta nikiwa bado hewani.

"Samahani sana shangazi. Nimedelete. Wameiona watu wachache tu."

Nikaenda nyuma kumwambia Mishi. Alikuwa amekaa na ungo, anachagua mchele. Nikamwambia imefutwa, walioiona ni wachache.

Akainua uso. "Hao wachache ni kina nani?"

Nikavuta kigoda, nikakaa, nikaanza kuchagua naye.

Nililojifunza, wakuu, ni dogo. Mtu akikwambia ndiyo, muulize ndiyo ya wapi. Ya kamera, ya albamu, ya group la familia, au ya dunia? Ukiona unaona uvivu kuuliza, basi usipige.

Yule ndugu aliyeandika "ungekataa kupigwa," sina ugomvi nawe. Ila kama ungekuwa afisa pale Kwale, ningependa kujua ungeniambia nini. Na wengine ambao picha zenu zimewahi kwenda msikozipeleka, mlifanyaje? Andikeni hapo chini, nitasoma zote. Kujibu naweza kuchelewa.