Kwa Nini Tulilala Gisenyi

Kila tuliposhuka Goma kutoka Kalengera, mama na mimi, tulifanya shughuli zetu zote mjini mchana, na jua likianza kuinama tulivuka mpaka kwenda kulala Gisenyi. Watu walitushangaa. Goma ni mji mkuu wa jimbo, ina vitanda vya kila namna, na zaidi ya hayo baba mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja, alikuwa na nyumba ya mbao mtaani Katoyi yenye chumba cha wageni. Aliyetuuliza, mama alimjibu kwamba Gisenyi kuko kimya. Hilo lilikuwa kweli. Goma kulikuwa na risasi, pikipiki, mbwa, na majirani waliokemea mapepo mpaka alfajiri. Kule ng'ambo, kwa masista waliotupangishia chumba, ulisikia maji ya ziwa na kengele ya sala, basi. Lakini kimya hakikuwa sababu. Sababu ilikuwa sumu.

Baba yangu alikuwa mchuuzi wa maharage. Safari yake ya mwisho alifikia kwa mdogo wake Katoyi, akala fufu ya muhogo na samaki wa soko la Kituku, akalala, akaamka akilalamika tumbo. Alirudi Kalengera ndani ya jeneza. Daktari alisema ni ini, kwamba lilikuwa limeharibika siku nyingi. Lakini kwetu nani humsikiliza daktari, mtu akila vizuri usiku na asubuhi akashindwa kusimama? Mama aliambiwa ini, akasikia karuho, ile sumu ya polepole ambayo kila mtu wa kwetu anamjua mtu aliyemjua mtu aliyelishwa.

Ndiyo maana kwetu hupewi kinywaji kabla aliyekupa hajaonja mbele yako, na soda iliyofunguliwa jikoni inarudi jikoni. Wala haihesabiwi kuwa ufidhuli. Mwenyeji anayeonja anakupa ruhusa ya kupumzika nyumbani kwake. Nimekulia humo, na hata leo huchungulia kikombe kabla ya kunywa, hata kama nimejimiminia mwenyewe.

Kwa baba mdogo tulikaa ukingoni mwa viti, tayari kuondoka. Mama alikuwa na visingizio vyake: vidonda vya tumbo, dawa isiyopatana na chakula. Alichokipenda zaidi ni kusema kwamba amefunga. Katika nyumba ile mama alifunga kuliko askofu wakati wa Kwaresima.

Na baba mdogo hakushindana naye. Hilo ndilo lililotuthibitishia. Shemeji mwenye moyo safi angetunyang'anya begi, akaapa kwamba mke wa kaka yake hatalala ugenini maadamu yeye yu hai. Yeye alitusindikiza mpaka barieri ndogo ya mpakani, akatazama viatu vyake, akauliza tu kama tunalala kule tena. Mama akamjibu kwamba kuko kimya. Naye akakubali kwamba kweli, kuko kimya, akageuka zake. Tukishavuka mama aliniuliza kama nimeona. Nilikuwa nimeona. Nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote, na kilichonikera kupita yote ni kwamba alikuwa na sauti ya baba.

Halafu nikapata mchumba, kijana wa Goma, na ukoo wake ukaomba kuja kuzungumza. Baba akiwa hayupo, mwenye haki ya kuketi kwenye kiti chake alikuwa baba mdogo, hakuna mwingine. Katika mazungumzo ya kwetu, aliyeketi kwenye kiti hicho huonja pombe, kisha humpa mama wa binti kikombe kilekile mbele ya wageni, naye hunywa. Wageni hujifanya wanatazama kwingine, lakini ndicho walichokuja kutazama. Mama akikataa, au akilowesha midomo tu, wangeaga kwa upole na wasirudi tena. Nani ataoa katika nyumba ambayo wenyewe hawanyweshani? Nilimsihi mama kila siku. Alisema atajitahidi. Ninamjua mama yangu, na nilijua hatakunywa. Nililia kimyakimya chini ya blanketi la masista, nikihesabu kwamba mchumba wangu nimeshampoteza.

Vita vikatangulia mazungumzo. Waasi walishuka kwa barabara ileile tuliyopitia sisi, Kalengera ikabaki nyuma yao, na mizinga ikaanza kusikika Goma. Sisi tulikuwa ng'ambo. Asubuhi Gisenyi ilijaa watu wa Goma wenye magodoro vichwani, mbuzi, na masufuria yenye chakula ambacho hakijaiva. Adhuhuri sista mmoja akatuita langoni. Alikuwa baba mdogo, peke yake, na kisanduku chake cha zana za useremala begani. Mkewe na watoto alikuwa amewapandisha mashua ya Bukavu. Wazo langu la kwanza halikuwa la huruma. Nilijiuliza ni nani aliyemwonyesha tunapolala.

Mama alimpokea, maana mkimbizi hafukuzwi. Alipika maharage na viazi vitamu kwenye mbabula, jiko la makaa la masista, akamwekea sahani mbele yake. Hakuonja. Alisahau, au hakutaka, sijui mpaka leo. Baba mdogo hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake. Aliitazama sahani, kisha akaisogeza pembeni kidogo.

"Niko nafunga, shemeji," alisema.

Ilibaki kidogo nicheke. Maneno yalikuwa ya mama, hata ile namna ya kuinamisha macho. Mama hakucheka. Aliketi taratibu kwenye kigoda, akabaki amemtazama.

"Tangu lini unanishuku?"

Baba mdogo aliinua macho.

"Ile siku ya mwisho alifika kwangu alishakula," alisema. "Chakula ya njia. Ni nani alimufungia?"

Alikuwa mama. Ndizi na maharage ndani ya jani la mgomba, na mimi ndiye niliyeshika jani akifunga kamba. Kumbe miaka yote ile yeye naye alikuwa akituogopa. Hakutunyang'anya begi kwa sababu hakutaka tulale karibu na jiko lake, na kila tulipovuka mpaka alisema moyoni kwamba tunakimbia tulichokifanya.

Mama aliivuta sahani, akachota katikati, akala, akameza, akairudisha. Baba mdogo akangoja kidogo, kama inavyotakiwa. Kisha akaanza kula na hakuinua kichwa mpaka sahani ikabaki nyeupe. Alipomaliza alichota maji kwenye ndoo, akapiga funda moja, akampa mama kikombe.

"Na miye vilevile," alisema. Mama akanywa.

Mimi sikumwamini hata mmoja wao. Niliketi mlangoni mchana ule wote nikiwatazama, nione ni nani ataanza kushika tumbo. Walikuwa wakizungumza juu ya baba. Baba mdogo alikuwa ameona jinsi kaka yake alivyochoka upesi mwaka ule, mpaka akawa anashindwa kubeba gunia. Mama alikuwa ameona macho yake yamegeuka manjano. Kila mmoja aliona la kwake, na hakuna aliyemwambia mwenzake, kwa kuwa walikuwa hawazungumzi. Jua lilizama na hakuna aliyeshika tumbo.

Mizinga ilipotulia, wakwe, ambao nao walikuwa wamekimbilia Gisenyi, walikubali tufanye mazungumzo uani kwa masista, juu ya viti vya kuazima. Baba mdogo alionja pombe, akampa mama kikombe. Mama hakuchungulia ndani. Alikunywa mpaka chini, akafuta midomo kwa kitenge. Wageni wakaendelea na maneno yao. Mimi nikaangua kilio, na wanawake wa upande wao wakanipapasa mgongo, wakisema bibi arusi ameanza kulilia kwao. Niliwaacha waseme. Nilikuwa ninamlilia baba, ambaye kumbe aliugua tu akafa, na sisi hatukuwa tumemlilia bado.