Kigari Nje ya Mkahawa

Kila nikitwanga iliki hapa nyumbani Ansab, harufu yake hunirudisha Copenhagen. Tulipita huko kutwa moja tu safarini, bibi, mama na mimi, nilipokuwa mdogo. Baridi ilikuwa ya kung'ata masikio. Mlango wa mkahawa ulipofunguliwa ikatoka harufu ya iliki, kama ya maandazi ya kwetu, nami nikaikimbilia.

Bibi hakuingia. Nje ya mlango palikuwa na kigari, na ndani yake mtoto mchanga amelala peke yake, ncha ya pua imekuwa nyekundu. Mama akamweleza kuwa ndiyo desturi ya watu wa huko: mtoto hulala nje apate hewa safi, mzazi yumo ndani anakunywa kahawa, na hakuna anayemwiba.

"Amani wanayo, mashaallah," bibi akasema. "Lakini kitoto hichi kikiamka kimwone nani? Nyie ingieni, mie nnakaa hapa."

Akavua shali lake la sufu, akamfunika, akasimama. Nami nikabaki naye, nimejibanza kwenye baibui lake. Mamake mtoto alituona kupitia kioo, akatupungia mkono, akaendelea na kahawa yake. Mpaka leo sijui yupi kati yao aliyenishangaza zaidi.

Mtoto alipofumbua macho, cha kwanza alichokiona ni uso wa bibi. Akacheka.

Sasa bibi hajiwezi, amelala chumba cha pili. Ndugu zangu wanasema kamera ya kwenye simu inatosha kumwangalia, nitoke nikafanye shughuli zangu. Iliki nimeiacha kinuni, nimevuta kiti mpaka kitandani kwake.