Vigelegele Kabla ya Shimo

Hakuna neno ninalolichukia kama "tulia". Anayelisema huwa amekaa kivulini, hana fimbo mkononi, wala roho yake haijapanda kooni. Nimeambiwa tulia na kila mtu aliyewahi kuniona nikicheza gofu hapa Mtwara, na wengi wao hata hawajui mpira unatakiwa uingie wapi.

Uwanja wetu si ule wa kwenye televisheni. Nyasi ni za kubahatisha, mikorosho imesimama pasipotakiwa, na kila shimo limezungukwa na mchanga uliomwagiwa oili chafu ili upepo usiuchukue. Kabla ya kuusukuma mpira shimoni, unaburuta ubao kulainisha njia yake. Hapo ndipo nilipojifunzia jioni baada ya kazi za ofisini bandarini, na hapo ndipo tuliposhindana kumpata mwanamke mmoja wa kanda atakayekwenda Dar es Salaam kujaribiwa kwenye timu ya taifa. Kwa umri wangu, ilikuwa mwaka huo au basi tena.

Mama na dada zake wawili walitoka Nanyamba kuja kunitazama. Hawakuwahi kuona gofu. Niliwaambia jambo moja tu, kwamba watazamaji wa mchezo huu hunyamaza.

"Kama msibani?" mama akauliza.

"Kama msibani, mama."

Wakanyamaza kweli, masikini, mpaka shimo la mwisho. Mpinzani wangu, mwalimu kutoka Songea, alishamaliza. Mimi nilibakiwa na mipigo miwili ya kushinda. Wa kwanza niliupiga kutoka mbali, mpira ukatambaa juu ya mchanga ukasimama kando ya shimo, upana wa kiganja.

Mchezaji yeyote anajua hapo bado. Lakini kwa mama, mpira uliotoka kule na kufika pale umeshafika. Vigelegele vikapaa. Wakaingia mchangani wote watatu, wakatandika khanga zao nipite juu yake kama anavyofanyiwa mtu wa heshima, na mama mkubwa akainama, akauokota mpira, akaufuta oili kwa upindo wa khanga na kunitia mkononi.

"Chukua, mwanangu. Usiiname wewe, leo siku yako."

Mwamuzi alikuwa mtu mpole. Alisema sina adhabu, mpira urudishwe ulipokuwa, mchanga ulainishwe upya. Akawaomba mama zangu wasogee. Wao wakaelewa kwamba shughuli imekwisha, wakakusanya khanga zao na kushika njia ya nyumbani kwangu Chuno wakapike. Vigelegele vyao nilivisikia wakienda navyo barabarani.

"Tulia," akasema mwamuzi. "Tulia, dada," akasema hata mpinzani wangu, na hakuwa na hila.

Niliburuta ubao. Nikavuta pumzi taratibu, nikaishusha, nikafanya yote ninayoyajua. Sijawahi kuogopa vile. Kushindwa nimekuzoea. Niliwaogopa wanawake watatu waliokwisha kufurahia kitu ambacho sikuwa nimewapa bado. Nikaupiga, mpira ukapita ukingoni. Tukawa sawa, tukarudia shimo, na mwalimu akalichukua bila jasho.

Nilipofika nyumbani majirani walijaa uani na pilau ilishapakuliwa. Nilimvuta mama pembeni.

"Mama, sikushinda."

"Toka hapa! Si tumeona kwa macho yetu?"

Nikamweleza kwamba mpira lazima uingie ndani, kwamba pale ulipookotwa ulikuwa haujaingia, na kwamba uliporudishwa nikalikosa shimo. Alinisikiliza hadi mwisho huku akijifuta mikono.

"Ile nafasi ndogo vile?"

"Ile ile."

"Basi waambie kesho urudi uumalizie."

"Hakuna kesho, mama."

Hakulia. Aliwatazama dada zake waliokuwa wakiimba kando ya sufuria, akawatazama majirani. Kisha akarudi uani kwa watu, na sauti yake ikawa ya furaha kabisa.

"Jamani, mpeni mkono upesi mumwache apumzike. Safari iliyo mbele yake ni ndefu."

Wakapanga mstari. Nikapokea hongera zao, mkono mmoja baada ya mwingine, na kila aliyenishika nilimwambia ahsante.